Muhula wa Pili wa Kipupwe

Ilikuwepo nchi, na kwa bahati mbaya bado ipo, ambayo jina lake halitatajwa hapa kwa sababu wenyewe wana wivu nalo na hawapendi litamkwe na watu wasio na kibali. Inatosha kujua kwamba ina mlima mmoja mrefu uitwao Irindi, kwamba huko kileleni theluji huanguka wakati wa kipupwe, na kwamba serikali ya nchi hiyo inaipenda theluji kuliko inavyowapenda watu. Hapo mtu asiilaumu serikali. Theluji ni nyeupe, haina maneno, na ikikanyagwa hulia kidogo tu.

Ubavuni mwa mlima ilijengwa Hoteli ya Taifa ya Theluji. Kila kipupwe walikuja wageni wa ng'ambo pamoja na watoto wa wakubwa, wakajifunga mbao ndefu miguuni, wakateleza kutoka juu mpaka chini, wakavutwa kwa kamba ya umeme kurudi juu, wakateleza tena. Wenyeji waliwatazama kwa huruma, wakidhani wamedondosha kitu. Kipupwe kikiisha, wageni waliondoka, theluji ikayeyuka, na vuli ikaingia kama ilivyozoea. Miaka yote hakuna aliyeona kasoro katika mpango huo.

Kasoro iligunduliwa na Waziri wa Misimu na Starehe za Taifa, Mheshimiwa Dakta Sospeter Kilatu, ambaye udaktari wake alitunukiwa na chuo kilichofungwa kesho yake. Alisimama bungeni akaeleza kwa uchungu kwamba kipupwe kimelitumikia taifa kwa uadilifu, kimeleta wageni, hakijawahi kuiba hata kalamu ya ofisi, na bado kila mwaka kinafukuzwa kazini na jua, ambalo limekuwa likichomoza nchini tangu enzi za ukoloni bila leseni. Akauliza ni nani aliyelipigia kura jua. Wabunge walitazamana, kila mmoja akihofia kwamba huenda ni yeye. Likapitishwa azimio la kukiongezea kipupwe muda wa kukaa madarakani mpaka kikamilishe miradi yake, na vuli ikaambiwa isubiri nje. Mbunge mmoja mzee alitaka kujua kama kipupwe chenyewe kimeulizwa. Alijibiwa kwamba kipupwe kimekataa mara kadhaa, kwa unyenyekevu mkubwa, lakini wananchi wamekisihi.

Tangu siku hiyo mtangazaji wa hali ya hewa alisoma habari za baridi kali redioni huku akisikika akijipepea kwa karatasi. Watumishi wa umma waliamriwa kuvaa masweta. Mwalimu mmoja aliyeonekana sokoni na shati la mikono mifupi alichukuliwa kwenda kuhojiwa, na aliporudi alikuwa amevaa koti, na koti hilo hakulivua tena.

Sasa, getini pa hoteli hiyo alifanya kazi binti mmoja aitwaye Namkunda. Alikuwa mpokea wageni. Kazi yake ilikuwa kumkaribisha kila mgeni kwa tabasamu lililoidhinishwa na kumfunga utepe wa bluu kwenye kifundo cha mkono. Mwenye utepe alikuwa mgeni, asiye nao alikuwa mvamizi. Jioni tepe zote zilifunguliwa, zikatiwa kwenye gunia, gunia likapelekwa wizarani kupimwa kwenye mizani, kwa sababu Wizara iliona kwamba kuhesabu watu mmoja mmoja ni kuwakosea adabu. Mshahara wake ulikuwa umegeuzwa kuwa hisa za theluji, kwa moyo wa uzalendo, na moyo huo alijulishwa kuwa anao.

Kwao Namkunda ni Kirongaya, kijiji kilicho chini ya mlima, na Kirongaya hakuna mto. Kuna mfereji tu, uliochimbwa na mababu, unaoanzia kwenye bwawa lililo nyuma ya hoteli. Wakati wa kipupwe lango la bwawa hufungwa. Kipupwe kikiisha na theluji kuyeyuka, lango hufunguliwa. Siku hiyo wanawake hufagia mfereji kwa matawi tangu juu hadi chini, kama watu wanaotarajia kutembelewa na wakwe, na mtu mmoja mwenye miguu myepesi hutangulia mbele ya maji akiita kila nyumba kwa jina ili wenyewe watoke na majembe. Kisha hupandwa maharage ya vuli. Yakipandwa kwa wakati, watu hula. Yakichelewa, kiangazi huyakuta bado yana maua, na hapo hakuna mjadala.

Mama yake Namkunda alikuwa mjane, na mavuno yaliyopita yalikuwa yamemtupa. Ndani mwake hamkuwa na chochote cha kula ila mbegu, na mbegu hazihesabiki kuwa chakula. Asipopanda vuli hiyo, mwaka mzima angezunguka na sahani kwenye nyumba za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na aliona bora afe. Akapanda mlima mwenyewe, polepole, mpaka getini.

"Mwanangu," alisema baada ya salamu, "mfereji tumeshaufagia na majani yameanguka tena. Hicho kipupwe chenu kinatoka lini?"

Namkunda akamweleza kwamba kimeongezewa muhula. Mama akataka kujua kimeongezewa na nani, na mbona yeye anatoka jasho. Namkunda akatazama huku na huku, akamwomba ashushe sauti na ajitande kanga mabegani kama mtu anayesikia baridi. Mama akajitanda, kwa heshima ya kazi ya mtoto wake, akarudi zake bila jibu.

Tatizo ni kwamba jua halikuwa limesoma azimio. Theluji ilianza kuyeyuka mchana kweupe, bila aibu, na wale wageni wa ng'ambo wakafunga mizigo wakisema kwao kuna kazi. Wizara haikutetereka. Ilileta mashine za kupuliza theluji, zawadi ya nchi rafiki ambayo yenyewe haina mlima hata mmoja. Mashine hizo zilikunywa maji ya bwawa upande mmoja na kutema weupe upande wa pili. Weupe ulitandazwa juu ya mteremko, ukakaa asubuhi kwa ajili ya picha, na mchana ukayeyuka ukapotelea kwenye miamba ya upande usiokaliwa na mtu. Bwawa likazidi kupungua na lango likabaki limefungwa. Kirongaya watu walikuwa wameshaanza kukosa hata maji ya kupikia uji.

Ndipo wanawake wakabeba ndoo wakapanda mlimani kuchota theluji, waiyeyushe nyumbani. Lilikuwa wazo la kawaida kabisa, la watu wenye kiu, na kwa hiyo lilikuwa ni kosa la jinai. Sheria ya Kulinda Theluji ilikuwa imeiweka theluji kundi moja na pembe za ndovu. Kupatikana nayo ni kosa, na kupatikana nayo ikiwa imeshayeyuka ni kosa kubwa zaidi, kwani huko ni kuharibu ushahidi. Mlinzi wa geti, Koplo Nyaluke, mtu aliyekuwa akiisoma sheria hiyo kabla ya kula, aliwakamata wote kundi zima, akazipanga ndoo mstari mmoja, akaita lori. Aliyekuwa mbele ya kundi ni mama yake Namkunda.

Namkunda hakuwa amepanga kusema neno lolote, lakini mdomo ulimtangulia.

"Koplo, hao ni wageni wangu."

Koplo akauliza ni wageni gani wanaokuja na ndoo. Namkunda akamjibu kwamba wa ng'ambo huja na mbao na hawa wamekuja na ndoo, kila mgeni na vifaa vyake, akachukua tepe zake akaanza kuwafunga mmoja baada ya mwingine, huku akiwapa lile tabasamu lililoidhinishwa. Koplo alifikiri mpaka kofia ikasogea. Alitazama mikono yenye bluu, akapiga saluti, akalirudisha lori. Mama alinyoosha mkono wake ukafungwa, akaugeuza akautazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu kipupwe kigome kuondoka. Alisema kumbe utalii ndio huu, basi wenzangu tutalii haraka jua halijawa kali. Wakajaza ndoo wakashuka.

Kuanzia hapo walikuja kila siku, wao na dada zao na mawifi zao, na Namkunda aliwafunga wote. Alilala vizuri usiku. Alijiona ameikomboa Kirongaya kwa kipande cha kitambaa, na hakuna mtu wa kumlaumu kwa kujiona hivyo, maana hata wewe ungejiona. Lakini hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Lilikuwa kosa la mtoto aliyelelewa vizuri, anayeona mama yake amekamatwa na kufanya la kwanza linalomjia.

Kule wizarani magunia ya utepe yalianza kufika mazito. Yakavunja mizani ya kwanza, ikaletwa ya kupimia ng'ombe. Dakta Kilatu aliitisha waandishi wa habari akatokwa na machozi mbele yao. Alisema wale wachache waliodai kwamba kipupwe kimechokwa sasa waone aibu, kwa sababu wananchi, tena wa hali ya chini, tena akina mama, wanafurika mlimani kukishangilia. Kwa mapenzi hayo makubwa hakuwa na namna ila kukiongezea muhula wa tatu. Ziliagizwa mashine nyingine, zenye kiu kuliko za kwanza.

Namkunda aliisikia habari hiyo redioni getini, akiwa ameshika utepe mkononi na mwanamke mbele yake amenyoosha mkono. Alielewa papo hapo kwamba kila alipomfunga mtu mmoja asiende jela, alikuwa amelifunga lile lango kwa siku nyingine. Alimfunga yule mwanamke, kwa sababu Koplo alikuwa anatazama, kisha akaacha geti akaenda kwa meneja.

Meneja wa hoteli, Bwana Kisaka, alikuwa amekaa ndani ya sweta lililolowa jasho, madirisha yamefungwa ili joto lisionekane limeingia. Namkunda alimwambia yote, tangu ndoo ya kwanza. Alidhani atashtuka. Bwana Kisaka alipangusa shingo tu.

"Unadhani sijui? Mke wangu ni mgeni hapa kila Jumanne." Akaegemea mbele. "Sikiliza, binti yangu. Ukisema si wageni, ni nani basi? Ni wezi wa nyara za serikali, na mama yako ndiye kiongozi wao. Ukinyamaza, ni watalii. Sijawahi kuona mtu amefungwa kwa kutalii."

Namkunda akauliza, na maharage je. Bwana Kisaka alitafakari kwa haki, akasema kwamba maharage hayakutajwa kwenye azimio.

Akarudi getini akaendelea kufunga. Usiku hakulala tena.

Haikupita wiki, Waziri mwenyewe alikuja kumpongeza mtalii mwaminifu kuliko wote. Alifika amevaa koti la manyoya, watu wawili wakimpepea kwa siri nyuma yake. Zulia lilitandikwa juu ya tope. Ndoo zilifichwa nyuma ya jiko, na wanawake wa Kirongaya wakapewa kila mmoja jozi ya mbao azishike kama mtu anayejua matumizi yake. Mtalii mwaminifu kuliko wote alikuwa mama yake Namkunda, ambaye hakuwa amekosa siku hata moja. Waziri alimsogezea kipaza sauti, akamwomba aliambie taifa ni kitu gani kinachomvuta huku juu.

Mama alitazama kile kipaza sauti, akamtazama mwanawe, kisha akasema kweli, kwa kuwa hakuna aliyemwelekeza kusema kingine.

"Mheshimiwa, sisi tunafuata maji. Tufungulieni lango tupande maharage yetu, na hamtatuona tena hapa."

Koplo Nyaluke alishika bunduki yake vizuri. Namkunda aliona kwamba sasa mambo yamekwisha, na ndani ya hofu ile alihisi nafuu, kwamba hatimaye limesemwa na limesikika. Na kweli lilisikika. Waziri hakuwa mjinga wala kiziwi. Alielewa kila neno.

"Mmemsikia mama?" alisema, sauti ikitetemeka kwa furaha. "Wataalamu wetu wametembea dunia nzima wakitafuta siri ya utalii wa ndani, na mama huyu ametupa bure. Lango likifunguliwa, wageni hawaji. Basi lango lisifunguliwe kamwe."

Papo hapo alitangaza kipupwe cha maisha. Mama alivishwa skafu ya sufu shingoni, shukrani za taifa, akasimama nayo palepale juani.

Makofi yalianza. Kwa mujibu wa itifaki ya nchi hiyo, makofi hayaruhusiwi kukoma mpaka Waziri aketi, na siku hiyo kwa uzembe wa mtu fulani kiti kilikuwa kimesahauliwa hotelini. Watu wakapiga makofi, viongozi wakapiga, Koplo akaweka bunduki chini ili apige vizuri. Namkunda akapiga kidogo kidogo akirudi nyuma, kisha akageuka akazunguka jengo mpaka bwawani. Gurudumu la lango lilikuwa limeshika kutu. Alilishika kwa mikono miwili, likakataa, akalitia bega, akalia kwa hasira, akaliomba, akalitukana tusi ambalo mama yake asingependa kulisikia. Likazunguka. Maji yaliyobaki yalitoka kwa kishindo, yakaingia mferejini na kuanza kushuka na majani makavu. Hakukuwa na mtu wa kutangulia mbele ya maji kuita nyumba, kwa sababu watu wote walikuwa huku juu wanapiga makofi.

Mashine zilikohoa, zikakauka, zikanyamaza. Namkunda akaenda chumbani akafunga kitenge na sabuni kwenye mfuko, akakaa kitandani kusubiri wamkamate.

Hawakuja. Kumshtaki mtu kwa kufungua lango kungekuwa kukiri kwamba lango lilifunguliwa, na kwamba kipupwe cha maisha kilidumu muda wa makofi tu. Hata kulifunga tena haikuwezekana, maana ni nani atakayefunga kitu ambacho rasmi kimefungwa? Msemaji wa Wizara alifafanua kwamba yale yanayoonekana yakiteremka ni kipupwe kilekile katika hali ya majimaji, kinawatembelea wananchi majumbani. Namkunda aliposikia hivyo alicheka peke yake chumbani mpaka akaziba mdomo kwa mto. Kesho yake yote alifurahi. Getini hakuja mtu, na kule chini aliona watu wadogo wadogo wanainama mashambani kuandaa matuta.

Jioni gunia lilikwenda wizarani tupu.

Hapo ndipo serikali ilipokasirika. Maji ingeweza kuyaeleza, lakini si gunia tupu. Kirongaya, ilitangazwa, imegoma kustarehe. Wananchi waliokuwa wakikipenda kipupwe kwa hiari yao wamekisusa ghafla, ishara kwamba wametumwa. Ikatoka amri kwamba watu wazima wote wa kijiji wafike mlimani kila alfajiri na kukaa huko mpaka jua litue, kwa kuwa mgeni anayeondoka mapema hujenga taswira kwamba ana kazi ya kufanya. Koplo Nyaluke aliteremka na askari na lori zima la utepe, akawatoa watu shambani, majembe yakabaki yamesimama kwenye udongo ulioloa. Wakapanda kwa mstari kuufuata mfereji, maji yanashuka upande huu na wao wanakwea upande ule, wakipishana.

Siku nyingi zilikwenda hivyo. Theluji ilikwisha kabisa, ikabaki miamba mitupu na tope, na juu ya tope hilo wakakaa wageni wa Kirongaya wenye tepe za bluu, wakistarehe chini ya jua kali. Kila asubuhi mama alinyoosha mkono, na kila asubuhi Namkunda alimfunga. Hawakuwa wakizungumza sana. Kiunoni mama alikuwa na fundo la kanga lenye mbegu, alilokuwa akishuka nalo na kupanda nalo, kwa tumaini kwamba labda leo watawaachia mapema.

Kutoka pale alipokaa mama, aliweza kuliona shamba lake vizuri. Maji yaliingia kwenye kona ya juu, yakazunguka matuta aliyokuwa ameyaandaa, yakatokea kona ya chini yakaenda zake kwa jirani, ambaye naye alikuwa amekaa hapa juu. Adhuhuri moja upepo uligeuka. Ulikuja kavu, wa vumbi, na wanawake wote waliinua vichwa kwa pamoja wakaunusa. Ulikuwa upepo wa kiangazi.

Namkunda aliacha geti akaenda akapiga magoti mbele ya mama yake kwenye tope.

"Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyewafanya wageni."

"Ulinifunga huku ili nisifungwe kule," mama alisema. "Ningekuwa wewe ningefanya vilevile. Usilie mbele ya yule koplo."

Alilitazama shamba lake kule chini. Kisha akalifungua lile fundo kiunoni taratibu, akalipima kwa kiganja kana kwamba analiaga, akamwekea mwanawe mikononi.

"Huko jikoni kwenu kuna moto?"

"Upo."

"Basi kanichemshie. Wenzangu hawajala tangu asubuhi."

Namkunda alitaka kumwambia asubiri, pengine kesho, pengine watu wataruhusiwa. Alimtazama usoni akaona hakuna kesho ya kumpa. Akanyanyuka. Jikoni mpishi alikuwa amesinzia ndani ya sweta lake, na redio ilikuwa ikitahadharisha juu ya baridi kali. Aliyaosha maharage yakatoka yale majivu yaliyohifadhiwa nayo, akateka maji, akabandika sufuria, akakaa kando kuchochea kuni. Yalichelewa sana kuiva, kwa sababu yalikuwa yamekaushwa kwa ajili ya kupandwa.